Sidii Niliyoitundika Kwenye Mtama

Somoe mwanangu,

Salamu ndefu sina. Huko uliko huulizwi habari za mvua, na mimi huku sina nafasi ya kuzieleza. Kesho asubuhi kuna kikao cha kumgombea mwanao Mwanaidi, na mama yako nimebanwa mpaka pumzi inatoka kwa vipande. Nimeona niseme na wewe kabla sijasema na wao.

Anayeandika ni Bakari, fundi wa Ruangwa, yule mliyekuwa mnaazimana waya. Mimi nasema, yeye anabonyeza. Nimemwambia asininyooshee maneno. Akiniandika kama mtu aliyekaa darasani nitajua, maana akimaliza atanisomea, na masikio yangu hayajazeeka. Anacheka. Cheka, lakini andika. Na tunaandikia kwenye kompyuta yako mwenyewe, ile nzee yenye tumbo la bati, inayonguruma kama mashine ya kukoboa.

Unakumbuka kibanda chetu Nachingwea, nyuma ya stendi? Chumba kimoja, pazia la bluu katikati. Ndani wewe na kamera na mashine, nje mimi kwenye kigoda, nagawa sidii za watu waliokwisha lipia. Siku ya kwanza niliona aibu. Nilikwambia, "Mimi hata a siijui, nitamjuaje wa nani ni ipi?" Ulichukua kalamu ya wino mnene ukaanza kuchora juu ya kila sidii. Kuku ilikuwa harusi, mwezi maulidi, ngoma ilikuwa unyago. Ngoma yako ilifanana na kinu, lakini nilielewa.

Nilikosea mara moja tu. Bwana harusi mmoja wa Ruponda nilimpa ya unyago wa mabinti wa jirani. Alirudi mbio, jasho linamtoka, anasema, "Mama, nimeona vya kina mama, sijui nitaoga maji gani!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukanambia, "Mama, huyu tumwombe anyamaze, la sivyo makungwi watatuchoma na kibanda." Alinyamaza. Mpaka leo tukikutana sokoni anaangalia pembeni.

Halafu siku ile ya kadi. Ilikuja kutoka Dar imefungwa kwenye gazeti, kibao cha kijani kimejaa vijidude, upande mmoja kina miguu ya dhahabu. Uliifungua mashine tumbo ukaichomeka kwenye upenyo wake, ukafunga parafujo, ukawasha, ukakaa kuangalia kioo. Uso ukaanguka. Ukasema, "Mama, haikijui."

Nikakuuliza, "Si umekitia mwenyewe tumboni mwake? Haikijui vipi?"

Ukanambia, "Mama, mtu akienda ukweni peke yake bila mshenga, wenye nyumba watamtazama tu. Watajua kuna mtu kakaa hapo, lakini hawajui kaja kwa lipi. Mashine nayo inataka mshenga. Mshenga wake yuko kwenye hii sidii. Draiva."

Ulihangaika naye siku tatu. Ukiwasha, inazima. Ukichomoa kadi ukaiweka upenyo wa pili, inawaka lakini kioo kinakuwa bluu. Ulikuwa hutaki hata kula, mimi nakuwekea ugali unapoa, nakwambia hicho kibao kirudishwe kilikotoka. Siku ya tatu ukapiga kelele nikadhani nyoka. Picha ya kamera ilikuwa imeingia ndani ya kioo, ni mimi mwenyewe kwenye kigoda, napiga mwayo. Ukaishika ile sidii kwa ncha za vidole, ukanambia, "Hii usiiguse, mama. Bila hii hatuna kazi."

Sikuigusa. Lakini Somoe, hukuchora kitu juu yake! Uliandika tu.

Sasa nikueleze niliyoyafanya. Sitaficha, na ndiyo maana barua hii naiacha wazi, hata wakitaka waibandike kwenye ubao wa ofisi ya kijiji.

Ulipoondoka na yule mtoto wa pili siku ya kumzaa, tulifanya arobaini. Vitu vyako viligawiwa kama inavyotakiwa, nguo kwa mabinti wa mjomba wako, vyombo kwa shangazi. Mashine hakuna aliyeitaka, nikaifunga kanga nikaiweka chumbani kwangu. Na mfuko wa sidii. Nilizichambua moja moja. Za kuku, za mwezi, za ngoma, hizo nilizitia sandukuni, maana ni harusi za watu na maulidi za watu. Zikabaki tano zisizo na picha. Nikasema hizi tupu, mwanangu hakuwahi kuzitumia.

Mwaka huo ndege walikuja kwenye mtama kama moshi. Nikazitunga sidii tano kwa kamba ya katani, nikazitundika shambani, ziwe zinang'aa na kugeukageuka. Ndege wakahama! Majirani wa Chiola walikuja kuniuliza nimepata wapi dawa hiyo. Na mimi nikajivuna, mwanangu. Nikawaambia ni urithi.

Misimu minne zimekaa pale juani.

Mwaka huu, baada ya mavuno, akaja mumeo Masanja pamoja na baba yake, mzee Shija, kutoka kule Matambarale walikohamishia ng'ombe. Walikuja na maziwa na heshima zote. Wamekaa, wamekula. Halafu mzee Shija akasema, "Mayu," ndivyo anavyoniita, ndiyo mama kwao, "tumekuja kumchukua mtoto."

Nikamwambia, "Mtoto yupi?"

"Kabula." Wao wanamwita Kabula, kwa sababu alizaliwa na mvua.

Nikasema, "Mimi hapa nina Mwanaidi. Huyo Kabula mtafuteni mlikomwacha."

Masanja akainamisha kichwa. Si mtu mbaya, unajua. Hajaoa mwingine mpaka leo. Lakini baba yake alinyooka kwenye kiti. "Mayu, ng'ombe walitoka. Kwetu ng'ombe wakishatoka, mtoto ni wa boma la baba yake."

"Na kwetu mtoto ni wa tumbo lililomzaa," nikamwambia. "Na siku ya posa uliyajua hayo, ukakubali mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba mtoto wa kwanza ni wangu. Ulisema hukusema?"

"Nilisema neno," akasema taratibu, "lakini si hilo."

Hapo ndipo nikasimama. Watu walikuwa wameshajaa uani. Nikapaza sauti ili wote wasikie. "Picha ipo! Somoe aliipiga posa yake mwenyewe. Mashine iko chumbani. Mashine itasema!"

Unaikumbuka siku hiyo. Ulisimamisha kamera kwenye miguu yake pembeni ya jamvi, mjomba wako akafoka, "Mchumba gani anajipiga picha kwenye posa yake? Kaa ndani huko!" Ukamjibu, "Mjomba, posa za wenzangu zote nazipiga mimi. Ya kwangu nani ataipiga?" Watu wakacheka, ukaachiwa. Baadaye kanda uliitumia tena kwa harusi ya mtu, maana kanda zilikuwa shida, lakini ya kwetu ulikuwa umeshaiingiza kwenye mashine. Hilo nilikuwa na uhakika nalo kama ninavyojua jina lako.

Mzee Shija alinitazama sana. Akasema, "Haya mayu. Mwenyekiti wa kijiji yupo, wazee wapo. Alhamisi ijayo tukae. Mashine ikisema mtoto ni wako, nitainua mikono niondoke. Isiposema, nitaondoka naye."

Hiyo Alhamisi ndiyo kesho.

Nilibeba mashine yako kwenye bodaboda mpaka Nachingwea, nikaipakata kwenye basi mpaka hapa Ruangwa. Bakari alipofungua kanga aliguna. Mende walikuwa wamezalia ndani. Akapuliza, akafuta, akawasha, haikuwaka. Akabadilisha kitu, ikawaka lakini ikagoma njiani. Akasema lazima aipigie windo upya, ndiyo kuitia akili nyingine, ila vitu vyako ulivyohifadhi havitaguswa. Na kweli havikuguswa. Nilionyeshwa, orodha ndefu, na Bakari akasoma, "Posa yangu." Mwanangu, nilipiga kigelegele mle dukani, wateja wakageuka.

Akabonyeza. Kioo cheusi.

Akabonyeza tena. Cheusi tii. Akanieleza kwamba picha zako zilifungwa na ile kadi ya kijani, na ni kadi hiyo peke yake inayojua kuzifungua. Kadi ipo, imekaa mahali pake, lakini mashine ina akili mpya, haimjui tena mgeni huyu. Akanionyesha alama ya njano yenye ulizo. "Bibi, hapa inasema kuna kifaa, lakini haijui ni nini."

Mimi nikamwambia kama msomi, "Inataka mshenga."

Akashangaa. "Nani kakufundisha?"

Alihangaika, siwezi kumsema vibaya. Aliichomoa kadi akaisugua ile miguu ya dhahabu kwa ufutio wa shule. Akaihamisha upenyo. Akapiga picha namba zilizo mgongoni mwake, akazitafuta kwenye mtandao, akashusha draiva tatu tofauti. Ya kwanza ilikataa. Ya pili ilikataa. Ya tatu ilikubali, tukashangilia, halafu kioo kikawa bluu kama zamani, mashine ikawa inajiwasha na kujizima yenyewe mpaka akaing'oa waya ukutani. Akakaa chini. Akasema kadi hii ni nzee mno, waliotengeneza hawaitunzi tena, mtandaoni hamna kitu.

"Lakini bibi, kadi kama hizi huja na sidii yake. Somoe hakuwa na sidii?"

"Ya namna gani?"

"Nyeupe tu. Imeandikwa kwa kalamu, haina picha."

Somoe, nilishika meza. Bakari alidhani sukari imeshuka, akaniletea soda. Niliiacha mezani. Nilikuwa naona mtama, na vitu vinang'aa.

Nilirudi Chiola siku hiyo hiyo. Mwanaidi alinikuta shambani nakata kamba, akauliza, "Bibi, mbona unawafungulia ndege?" Nikamwambia anyamaze ashike kapu. Tano zilikuwa zimebaki nne, moja ilivunjika vipande, nikaokota hata vipande. Maandishi yote jua limeyala. Nyeupe zote, kama maganda ya yai. Mimi nisiyejua kusoma na zile zisizo na cha kusomwa, tulikuwa sawasawa.

Bakari alizinyanyua kwenye mwanga moja moja. Zilikuwa na vitundu, ukitazama unaona jua linapenya. Akaziosha kwa sabuni ya maji, akafuta kwa fulana laini kutoka katikati kwenda nje, taratibu, kama anamfuta mtoto aliyeungua. Ya kwanza, mashine ikaizungusha, ikalia kwi kwi, ikaitema. Ya pili ilikuwa nyimbo. Ya tatu ikazunguka sana, na Bakari akasema, "Bibi, ndiyo hii." Nikaanza kulia hapo hapo. "Usilie, inasoma!" Halafu ikafika katikati ikakwama.

Siku mbili tumekwama katikati. Aliipaka dawa ya meno akaisugua. Alijaribu visomeo vitatu vya sidii. Mimi nilikuwa nalala kwa dada yake hapa mjini, asubuhi nipo mlangoni kabla hajafungua. Nilikuwa nasema na ile sidii, Bakari shahidi. Nimeibembeleza, nimeitukana, nimeiambia mimi ndiye niliyekutundika, nichukue mimi. Wateja waliniona kichaa. Nilimwomba Mungu kwa jambo la ajabu, kwamba kijisahani kilichooza kisome dakika tano tu.

Jana akapata kisomeo kizee kutoka kwenye kompyuta mbovu ya mteja. Kinasoma polepole kama mzee anayevuka mto. Kikapita. Akairudishia mashine windo ya zamani, ile ambayo kadi ilikuwa imeizoea, akaiingiza draiva, akazima, akawasha. Leo asubuhi, alama ya njano haikuwepo.

Akabonyeza.

Jamvi letu. Mjomba wako. Mimi, bado nina nyama mashavuni. Mzee Shija na fimbo yake. Na sauti ikawepo, Somoe, sauti yenyewe, ya kuku uani na ya watu. Nikamwambia Bakari apeleke mbele mpaka kwenye neno langu.

Mzee Shija anasema, na nakuambia kama alivyosema: "Huyu mama hana mwingine nyumbani. Basi mtoto wa kwanza akae kwake, amlee, mpaka ang'oe meno ya utoto. Akishang'oa, aje boma, ajue kwao."

Halafu sauti yako. Wewe huonekani, uko nyuma ya kamera, lakini ni wewe, na unacheka. "Mama, umesikia? Mpaka ang'oe meno."

Na mimi, mashavu yangu yale, nacheka vilevile. "Nimesikia. Nimekubali."

Nimekubali. Ndivyo nilivyosema. Nilikuwa nimeshika kikombe.

Walahi sikuwa naongopa, mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa na kipande cha mwanzo tu, kile cha "akae kwake", na kile cha mwisho kilinitoka kichwani. Sijui kilikwenda wapi. Labda nilikisukuma mwenyewe nje siku nilipokuzika, sijui. Mwanao ameng'oa la mwisho la mbele wakati wa mavuno. Tulilirusha pamoja juu ya paa, akapiga makofi, na mimi nikapiga.

Bakari akasema polepole, bila kunitazama, "Bibi, hii hakuna mwingine aliyeiona. Tukisema sidii iligoma, ni kweli iligoma. Nifute?"

Ameacha kuandika hapa. Andika, Bakari, hukukosea kuuliza. Ulinionea huruma.

Na sikusema hapana, Somoe. Nakwambia ukweli kwa sababu wewe unanijua. Nilikuwa nahesabu: nikifuta, wao watasema mashine haikusema, na watamchukua. Nisipofuta, mashine imesema, na watamchukua. Basi mlango wa tatu ni kudanganya, niseme mashine ilisema mtoto ni wangu halafu ikafa mikononi mwa fundi, na Bakari awe shahidi. Wangeniamini. Mzee Shija mwenyewe angeniamini, maana ananiheshimu, na angeinua mikono kama alivyoahidi.

Nikakukasirikia wewe. Mbona uliuliza? Watu wanasema yao, wewe unabonyeza vyuma vyako, umeingilia nini na hilo "umesikia"? Ungenyamaza ningekuwa na pa kujifichia.

Nikamwambia Bakari acheze tena. Nimesikia sauti yako mara sita. Nilikuwa nimeisahau namna unavyovuta pumzi kabla ya kucheka. Na nikaelewa kwamba hakuna mahali pengine duniani ilipo hiyo pumzi. Nikiifuta, nimekufukia mara ya pili kwa mkono wangu. Nikiificha, nitaisikiliza kwa kujibana kama mwizi, na siku Mwanaidi atakapoitaka, nitamwambia nini? Kwamba mama yake yuko humu lakini asimsikilize, kwa sababu anasema kweli?

Nikampiga Bakari mkono utoke kwenye mausi. Nikamwambia, "Toa sidii mbili. Moja yangu, moja ya mzee Shija. Na zote mbili zichore."

"Nichore nini, bibi?"

"Chora chochote. Zisiwe tupu."

Sasa kabla sijakata, nikwambie nitakavyofanya kesho, unisikie. Sitawaacha wakae wasubiri mashine inisute mbele ya kijiji. Nitasimama mwenyewe kabla hawajabonyeza, niseme nilikubali, na nilisahau, na mzee Shija alisema kweli. Najua watakaocheka. Wale niliowaita uani washuhudie watakuja wote.

Halafu nitaomba. Mimi sijaomba mtu kitu tangu nimezaliwa, wewe unajua nilivyo, lakini nitapiga magoti kama itabidi. Nitaomba wasimchukue palepale kwenye kikao kama mbuzi aliyenunuliwa. Nimpeleke mimi, kwa miguu yangu, mpaka mlangoni kwao Matambarale. Na wanipe mahali pa kulaza ubavu kwa wiki moja, nimwonyeshe maji yanatekwa wapi, nimwonyeshe ng'ombe yupi anapiga teke. Aliniuliza siku nilipoondoka na zile sidii, "Bibi, kule kwa babu nitalala na nani?" Nikamwambia hakuna atakayekwenda kokote, mashine itasema. Hilo nalo lazima nilirudishe leo jioni, na sijui naanzaje. Bakari nimemuuliza, naye hajui.

Wakikataa hiyo wiki moja, mwanangu, hapo nimefika mwisho wa akili yangu. Sina lingine nililoliweka pembeni. Nyumba ile na mimi peke yangu ndani, siwezi hata kuisema.

Basi la Nachingwea linaondoka saa tisa. Bakari anafunga mashine, hii barua ataitoa kwenye karatasi niibebe. Lala, Somoe. Nimesikia ulivyoniuliza, na kesho nitajibu vilevile nilivyokujibu siku ile, ila sitacheka.

Ni mimi mama yako wa Chiola, bibi yake Mwanaidi, anayeitwa Kabula.